Sura ya Tano: Baada ya Wodi

Mgonjwa wa Mikese aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo Morogoro mjini au Dar es Salaam hurudi kwao kwa basi. Hushukia kando ya barabara kuu, kama kilomita 30 mashariki ya mji wa Morogoro, mahali ambapo Milima ya Uluguru inaonekana kwa mbali na ubaridi wake haufiki. Kutoka hapo ni bodaboda au miguu. Mshono umeanza kukauka, maumivu yamepungua, ndugu wanamshukuru Mungu. Lakini tumboni, chini ya nguo, kuna kitu ambacho hakikuwepo siku aliyoondoka: tundu dogo jekundu linalotoa kinyesi bila yeye kuamua lini wala wapi.

Tundu hilo huitwa stoma. Kuliweka huchukua saa chache, tena kwa mikono ya daktari aliyesomea kazi hiyo miaka mingi. Kuishi nalo huchukua miezi, na kwa wengine maisha yote yaliyobaki, na mara nyingi mwenyewe huanza safari hiyo akiwa na maelezo ya dakika chache aliyopewa siku ya kuruhusiwa. Sura hii inahusu kipindi hicho kirefu.

Njia mpya ya haja

Stoma huwekwa pale ambapo njia ya kawaida haiwezi kutumika au inahitaji kupumzishwa. Daktari huleta sehemu ya utumbo hadi nje ya ukuta wa tumbo na kuishona kwenye ngozi. Ukiwa ni utumbo mpana, huitwa kolostomi. Aghalabu huwa upande wa kushoto, na kinyesi chake hukaribia kile cha kawaida. Ukiwa ni utumbo mwembamba, huitwa ileostomi. Hii mara nyingi huwa upande wa kulia, na kinachotoka ni majimaji makali yenye vimeng'enya vya chakula. Ipo pia urostomi, inayotoa mkojo kwa mtu ambaye kibofu chake kimeondolewa au hakifanyi kazi.

Sababu zake Afrika Mashariki zinajulikana vizuri wodini. Utumbo mpana hujisokota na kuziba, maradhi yanayoonekana zaidi katika ukanda huu kuliko Ulaya. Homa ya matumbo isiyotibiwa mapema hutoboa utumbo mwembamba. Ajali za barabarani hupasua matumbo ya vijana waliokuwa wazima asubuhi ile ile. Saratani ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa huwapata watu wazima, na saratani ya shingo ya kizazi inaposambaa, au inapotibiwa kwa mionzi, huweza kuacha tundu kati ya uke na utumbo. Wapo pia watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa.

Stoma yenye afya ni nyekundu na ina unyevu, kama upande wa ndani wa mdomo. Haina mishipa ya kuhisi maumivu, kwa hiyo kuigusa hakuumi, na damu kidogo wakati wa kuifuta si jambo la kutisha. Wiki za mwanzo huwa imevimba, kisha hupungua taratibu hadi kufikia wiki ya sita au ya nane. Kinachotakiwa kumkimbiza mtu hospitali ni mambo machache: stoma kugeuka ya zambarau au nyeusi, kutoka damu isiyokoma, kuzama ndani, au kutotoa kitu chochote huku tumbo likijaa na mtu akitapika. Mgonjwa anayezijua dalili hizi nne ana nafasi ya kuwahi tiba.

Mfuko uko wapi?

Mfuko wa stoma ni kifaa rahisi. Una sehemu yenye gundi inayoshika ngozi, shimo linalokatwa kulingana na ukubwa wa stoma, na mdomo wa chini unaofunguliwa ili kumwaga. Sehemu hiyo yenye gundi hukaa siku tatu au nne kabla ya kubadilishwa. Maana yake mtu mmoja anahitaji mifuko minane hadi kumi kila mwezi, ikiwa hakuna hata mmoja utakaobanduka mapema.

Historia yake inaeleza mengi kuhusu Mikese ya leo. Hadi katikati ya karne iliyopita, hata Wazungu wenye stoma walitegemea vitambaa, mikanda na vyombo vizito vya mpira vilivyovuja na kunuka. Mwaka 1954, muuguzi wa Denmark aitwaye Elise Sørensen alimwona mdogo wake, Thora, akikataa kutoka nje baada ya kuwekewa stoma, kwa hofu ya kuvujiwa mbele za watu. Elise akabuni mfuko wa plastiki wenye gundi. Alimwendea Aage Louis-Hansen, mhandisi aliyekuwa na kiwanda cha plastiki, ambaye mwanzoni hakuvutiwa. Mkewe Johanne, aliyekuwa muuguzi pia, ndiye aliyemshawishi. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya Coloplast mwaka 1957.

Miaka karibu 70 baadaye, wagonjwa wengi wa vijijini Afrika Mashariki bado wanaishi kama Thora alivyoishi kabla ya dada yake kupata wazo lake. Duka la dawa la kawaida halina mifuko. Inapopatikana katika famasi za miji mikubwa, bei yake humshinda mtu anayeishi kwa kuuza mahindi au mihogo. Basi watu hubuni. Kipande cha kanga kuukuu hukunjwa na kuwekwa juu ya stoma, kisha hufungwa kwa kibwebwe. Akina mama hutumia nepi za watoto. Wengine hufunga mfuko wa nailoni kwa utepe au mpira.

Hata ubunifu huo una mipaka. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile ambayo wengi huiita rambo, imepigwa marufuku Tanzania Bara. Sheria haikugusa vifungashio vya huduma za afya, kwa hiyo mfuko halisi wa stoma ni halali kabisa. Mgonjwa asiye na uwezo wa kuununua ndiye aliyebaki na kitambaa peke yake, na kitambaa hulowa. Kitambaa kilicholowa kikikaa juu ya ngozi saa nzima, huanza kuichoma.

Ngozi, joto na jasho

Adui wa kwanza wa mtu mwenye stoma ni kidonda cha ngozi. Majimaji ya ileostomi yana vimeng'enya vile vile vinavyosaga nyama na mafuta tumboni, na hayachagui ngozi ya nani. Ngozi ikianza kubabuka, huwa na majimaji; ikiwa na majimaji, gundi haishiki; gundi isiposhika, uvujaji huongezeka. Mtu aliyetoka hospitali akiwa salama hujikuta ndani ya wiki mbili hawezi kulala ubavu.

Joto la tambarare za Mikese huongeza tatizo. Jasho hubandua gundi kuanzia pembezoni, hasa kwa mtu anayelima au kutembea juani. Wanaojua hukausha ngozi vizuri kabla ya kubandika, hushika sehemu ya gundi kwa kiganja dakika chache ili ipate joto na kushika, na hubadilisha mfuko asubuhi kabla ya kula, wakati stoma imetulia. Shimo hukatwa likiwa kubwa kuliko stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Likiachwa pana, ngozi iliyo wazi ndiyo itakayolipa. Na kwa kuwa stoma hupungua wiki za mwanzo, kipimo cha siku ya kuruhusiwa hakifai tena mwezi wa pili.

Usafi wenyewe hauhitaji gharama. Maji safi ya uvuguvugu na kitambaa laini vinatosha. Dawa kali za kuua vidudu, spiriti na sabuni zenye manukato huumiza ngozi. Mafuta ya mgando huzuia gundi kushika, hivyo hayafai kwa anayetumia mfuko. Kwa anayelazimika kutumia kitambaa hali ni kinyume: mafuta hayo, au krimu ya zinki, hupakwa kuzunguka stoma ili kuzuia majimaji yasifike kwenye ngozi, na kitambaa hubadilishwa mara tu kinapolowa.

Mfuko humwagwa unapofika theluthi au nusu. Ukisubiriwa ujae, uzito wake huvuta gundi. Uchafu huenda chooni, lakini mfuko uliotumika usitupwe kwenye choo cha shimo, kwani hauozi na hujaza shimo kabla ya wakati. Ufungwe kwenye karatasi na kuzikwa kwenye shimo la taka lililo mbali na kisima, au upelekwe zahanati yenye kichomea taka.

Sahani na glasi

Jambo ambalo ndugu huuliza kwanza ni chakula: ale nini? Mwenye kolostomi, baada ya wiki chache, anaweza kula karibu kila kinachopikwa nyumbani. Maharage, kabichi, vitunguu, mayai na soda huongeza gesi au harufu, na kila mtu hujifunza mwenyewe kipi kinamsumbua. Harufu haitoki kwenye mfuko mzuri uliofungwa. Ikisikika, ni dalili kwamba kuna mahali panavuja.

Mwenye ileostomi anahitaji uangalifu zaidi. Vyakula vyenye nyuzi ngumu vinaweza kuziba njia: mahindi ya kuchoma, karanga, nazi, uyoga, maganda ya matunda na nyama ya chungwa iliyomezwa na kamba zake. Morogoro ni mkoa wa matunda, na hakuna sababu ya kumnyima mtu chungwa. Anyonye maji yake, au atafune hadi lilainike. Wali, ugali, viazi na ndizi husaidia kinyesi kuwa kizito.

Hatari kubwa ya ileostomi ni kupoteza maji na chumvi. Utumbo mpana ndio unaofyonza maji yaliyobaki kwenye chakula, na hapa haufanyi kazi. Kinachotoka kikizidi lita moja na nusu kwa siku, mtu huishiwa nguvu, hupata kiu isiyokatika, mkojo huwa mchache na wenye rangi iliyokolea, na misuli hukaza. Wengi hukimbilia kunywa maji matupu kwa wingi, nayo huzidisha upotevu wa chumvi. Kinachofaa ni maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Pakiti za zahanati zinazotolewa kwa watoto wanaoharisha hufanya kazi hiyo hiyo.

Dawa nazo zina mambo yake. Vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole vinaweza kupita katika utumbo mfupi na kutoka vizima mfukoni. Mtu anayemeza dawa za presha, kisukari au virusi vya ukimwi amwambie mfamasia kwamba ana ileostomi kabla ya kupewa chochote. Dawa za kulainisha choo asitumie kabisa bila daktari.

Ndoo, jembe na mbeleko

Vitabu vingi kuhusu stoma vimeandikwa kwa watu wa ofisini. Havitaji kanga inayofungwa kiunoni, mtoto anayebebwa mgongoni kwa mbeleko iliyokatiza tumboni, wala jembe la mkono linalomtaka mkulima ainame tangu alfajiri. Mambo haya ndiyo yanayoamua kama stoma itamruhusu mtu wa Mikese aendelee na maisha yake.

Ndiyo maana mahali pa kuiweka panapaswa kuchaguliwa kabla ya upasuaji, mgonjwa akiwa macho. Anasimama, anakaa, anainama, na daktari au muuguzi anatia alama mahali ambapo hakuna mkunjo wa ngozi, si kwenye mstari wa mkanda, na ambapo mwenyewe anaweza kupaona. Mwanamke aulizwe anafunga kanga wapi. Mkulima aoneshe anavyoshika jembe. Upasuaji wa dharura usiku hauachi muda wa hayo, lakini upasuaji uliopangwa unao, na alama ya kalamu haigharimu kitu.

Uzito ni suala jingine. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na anayeibeba hukaza misuli ya tumbo kuiinua hadi kichwani. Ukuta wa tumbo uliotobolewa ni dhaifu, na utumbo unaweza kujipenyeza pembeni mwa stoma na kuleta ngiri. Kwa walio na kolostomi ya kudumu, tatizo hili huwapata karibu nusu yao kadiri miaka inavyokwenda. Wiki sita hadi miezi mitatu ya kwanza, mtu asiinue kitu kizito. Agizo hilo ni rahisi kuandikwa kwenye karatasi, ila katika nyumba ambayo mama ndiye mchota maji haliwezekani mpaka mtu mwingine akubali kuishika ndoo. Hapo mume, watoto wakubwa na majirani wanakuwa sehemu ya tiba sawasawa na vidonge.

Safari pia hupangwa upya. Abiria wengine husubiri basi lisimame wachimbe dawa, wamalize, warudi. Mwenye stoma anahitaji maji, mahali pa faragha na dakika kadhaa. Wazoefu humwaga mfuko kabla ya kupanda, hula kidogo asubuhi ya safari, na hubeba kifurushi chenye mfuko wa akiba, kitambaa, chupa ya maji na kanga moja. Mkanda wa kiti huwekwa upande wa chini au wa juu wa stoma, kamwe usiikandamize.

Msikitini, kanisani, chumbani

Mikese ina Waislamu na Wakristo, na mtu mwenye stoma hujiuliza maswali ambayo daktari hakuyatarajia. Je, udhu wake unasimama? Fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, inamtambua mtu asiyeweza kuzuia kinachomtoka kuwa mwenye udhuru. Anajisafisha, anajifunga, anatia udhu baada ya wakati wa sala kuingia, kisha anasali sala yake ya faradhi, na kwa kila faradhi hufanya vivyo hivyo. Kuhusu Ramadhani, mwenye ileostomi azungumze kwanza na daktari, kwa kuwa kukosa maji kutwa nzima kunaweza kumdhuru, na dini imempa mgonjwa ruhusa. Sheikh anayelieleza jambo hili waziwazi humrudisha mtu safuni. Padri au mchungaji anayemtembelea muumini aliyeacha kuja ibadani kwa kuogopa sauti ya gesi hufanya kazi hiyo hiyo.

Chumbani ukimya ni mkubwa zaidi. Stoma yenyewe haizuii tendo la ndoa wala ujauzito, ingawa upasuaji wa saratani sehemu za chini unaweza kuathiri mishipa na nguvu za kiume, au kuleta maumivu kwa mwanamke. Mfuko ukimwagwa kabla na kufunikwa kwa kanga au shuka jepesi, wengi huendelea na maisha ya ndoa. Kinachovunja ndoa mara nyingi ni mmoja kudhani mwenzake anaona kinyaa, bila hata kumuuliza.

Mtoto aliyezaliwa bila njia

Mwaka 1793, huko Brest nchini Ufaransa, daktari aitwaye Duret alimwekea kolostomi mtoto mchanga aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa. Mtoto yule aliishi hadi miaka 45. Tatizo hilo hutokea takribani mara moja katika kila vizazi hai 5,000. Kwa nchi kama Tanzania, yenye vizazi zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, hesabu hiyo inatoa watoto wapatao 400 kila mwaka.

Kuligundua kunahitaji macho tu. Mkunga amkague kila mtoto anapozaliwa, na mama anayejifungulia nyumbani aangalie kama mtoto amepata choo ndani ya saa 24. Kwa kawaida matibabu yana hatua tatu: kolostomi, kisha upasuaji wa kutengeneza njia, mbinu iliyobuniwa na Alberto Peña nchini Mexico mwaka 1980, na mwisho kuifunga kolostomi. Madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto ni wachache, na hupatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Kati ya hatua moja na nyingine nauli huisha, miadi husogezwa, na mtoto hukua.

Wakati wote huo mama hubadilisha vitambaa usiku na mchana, na mara nyingi hubebeshwa lawama kwamba yeye ndiye chanzo. Hana kosa. Kasoro hii hutokea mtoto akiwa bado tumboni, katika wiki za mwanzo kabisa, na hakuna ushahidi kwamba mama aliisababisha kwa laana, uzinzi au kuvunja mwiko. Familia za Waluguru, wenyeji wa Milima ya Uluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Wajomba na bibi wana sauti kubwa, na sauti hiyo ikimtetea mama, mtoto ana nafasi nzuri zaidi ya kufika upasuaji wa tatu.

Mgonjwa anapokuwa mwalimu

Mwaka 1958, katika hospitali ya Cleveland Clinic nchini Marekani, daktari Rupert Turnbull alimwajiri Norma Gill kuwafundisha wagonjwa wa stoma. Norma hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa na ileostomi, na alijua kinachotokea saa nane usiku mfuko unapobanduka. Kutokana na kazi yake ilizaliwa taaluma ya wauguzi wa stoma duniani.

Karibu na kwetu, Mkenya Sally Agallo Kwenda, aliyenusurika saratani ya shingo ya kizazi na kubaki na stoma, alisimama hadharani kulizungumzia jambo ambalo wengi hulificha, na kupitia kikundi cha Stoma World Kenya wagonjwa walianza kupeana mafunzo na mifuko. Njia hiyo haihitaji jengo wala mashine. Muuguzi mmoja wa hospitali ya mkoa akifundishwa vizuri, na akawa na namba za simu za wagonjwa watatu wazoefu walio tayari kusaidia, mgonjwa mpya wa Mikese hatakuwa peke yake.

Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mifuko ya stoma inastahili kuwemo katika kitita cha kila mwanachama, kwa sababu bila mfuko upasuaji uliolipiwa unabaki nusu. Na kwa wauguzi wanaosoma sura hii: msimruhusu mgonjwa aondoke wodini kabla hajabadilisha mfuko kwa mikono yake mwenyewe mbele yenu, akiwa na mifuko ya kumtosha mwezi wa kwanza na namba ya simu ya mtu wa kumuuliza.